Samaki anayerudishwa ndani ya ziwa

Kule Uvira, wakati nilikuwa mtoto, baba mdogo alikuwa anavua kwa ndoana. Akipata kadogo, anakatupa tena majini akisema: « Kwenda ukomae, tutaonana. » Siku moja kale kadogo kalielea tumbo juu, ndege akakanyakua. Nikauliza: « Baba mudogo, mbona kamekufa? » Akanijibu: « Kametoka mbali chini. » Sikuelewa.

Kumbe muzee alisema kweli. Samaki wengi wa mawe wa Tanganyika wana kifuko cha hewa ndani ya tumbo, nacho hakina njia ya kutolea hewa mdomoni. Kila metro 10 za maji zinakandamiza karibu sawa na hewa yote iliyo juu yetu. Ukimvuta samaki haraka toka metro 30, hewa ile inavimba mara 4 hivi. Hawezi tena kuzama, hata ukimtupa kwa huruma gani.

Wafanyabiashara wa samaki wa mapambo ndio walilazimika kulishugulikia jambo hilo, kwa sababu samaki aliyekufa hana bei. Mbelgiji Pierre Brichard, aliyefanya kazi hiyo kwanza Léopoldville, aliianza Bujumbura mwanzo wa miaka ya 1970. Katika biashara hiyo wazamiaji wanawaweka samaki ndani ya kizimba, wanakipandisha kidogo, wanakiacha, wanakipandisha tena, saa nyingi au hata siku kadhaa, mpaka mwili umalize kunyonya hewa ile. Wengine wanatoboa kifuko kwa sindano, kazi inayotaka mkono uliozoea. (Mvuvi wetu mwenye watoto wanaongoja ugali, hizo siku atazitoa wapi?)

Ndagala ni mambo mengine kabisa. Zamani walivuliwa kwa lusenga, usiku wa giza, moto wa kuni ukiwaka mbele ya mtumbwi. Katika miaka ya 1950 zikaja taa za petroli na nyavu za kuinua, na Wagiriki wakaleta nyavu kubwa za kuzungusha. Lakini kwa chombo chochote, ndagala akigusa wavu tu, magamba yanatoka, anakufa. Kwa hiyo anayevua kwa chandarua, eti « tunarudisha vitoto », anarudisha maiti.

Wanaofaa kurudishwa ni wale wa maji mafupi, wa migono na makokoro: mkono uloweshwe kwanza, asishikwe matamvua, asilazwe juu ya muchanga wa moto. Tena arudishwe palepale. Kuhe, mume na muke, wanalinda watoto wao maelfu. Ukimwachilia mzazi mbali, watoto wameshaliwa. Na ngege anayebeba watoto mdomoni anawatema ndani ya wavu. Yeye atapona, uzazi wake hapana.

Nchi nne za ziwa zilitia sahihi mapatano ya kulitunza mwaka 2003, huko Dar es Salaam. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake toka 15 Mei hadi 15 Agosti. Watu walinung'unika, na njaa ilikuwa ya kweli. Lakini kwa ndagala sioni njia nyingine: huyo anaokolewa kabla wavu haujaingia majini. Baba mdogo, yeye, alihamisha ndoana zake karibu na matete, na hakunieleza sababu.