Marijani na Msalaba

Ayubu 28:18 huweka hekima juu ya marijani. Huko Italia, chini ya mlima Vesuvius, mji wa Torre del Greco umeishi kwa karne nyingi kwa kuvua na kuchonga marijani nyekundu ya bahari ya Mediterania. Piero della Francesca, mchoraji wa karne ya 15, alimchora Mtoto Yesu akiwa ameivaa shingoni. Lakini chombo cha kuivulia kilikuwa magogo mawili yaliyofungwa kwa umbo la msalaba na kutundikwa nyavu, kikiitwa msalaba wa Mtakatifu Andrea. Kiliburutwa chini ya bahari, kikavunja matawi mengi yaliyobaki huko bila kuokotwa. Na tawi hunenepa chini ya milimita 1 kwa mwaka! Mwaka 1994 Umoja wa Ulaya ulikipiga marufuku.

Basi tunaponunua, tuulize ilivunwaje, na kama rangi yake ni ya asili au imetiwa. Tukiivaa, tuiepushe na siki, marashi na jasho, maana asili yake ni chokaa. Tuifute kwa kitambaa laini chenye unyevu. Lakini uwakili wetu huanzia baharini, kabla ya sandukuni. Msalaba wa Kristo haukuja kuharibu viumbe, bali kuviponya.