Kofia ya kijeshi katika sanduku la msomi: namna ya kujua ilikotoka

Si ajabu kufungua sanduku la mzee aliyesoma chuo kikuu, hapa Lipangalala au kwingineko Ifakara, ukakuta kofia inayofanana na ya askari. Mjukuu mmoja anataka kuivaa, mwingine anataka kuiuza. Kabla ya yote, ni vyema kujua ilikotoka. Huenda ni kumbukumbu ya familia, na huenda pia ikamwingiza mvaaji matatani.

Kwa nini msomi awe na kofia ya askari?

Jibu la kwanza ni Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, lililoanzishwa Julai 10, 1963. Mwaka 1966 serikali iliamua kwamba wahitimu walitumikie taifa kwa miaka miwili: kwanza kambini, kisha kazini kwa asilimia 40 ya mshahara. Oktoba 22 mwaka huo, wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu wakiwa na majoho yao kupinga masharti hayo. Rais Julius Nyerere aliwafukuza karibu wanafunzi 400, na mshahara wake mwenyewe akaukata kwa asilimia 20.

Azimio la Musoma la Novemba 1974 likageuza utaratibu: kijana aliyemaliza kidato cha sita alitakiwa kupitia JKT na kufanya kazi kwanza, ndipo aombe chuo kikuu. Mafunzo ya mujibu wa sheria yalisitishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013. Kwa hiyo, wengi walioingia chuo kikuu kati ya miaka hiyo ya 1970 na 1994 walikuwa wamekwisha kuwa makuruta.

Bonde la Kilombero lina kambi yake, Chita JKT, yaani 837 KJ. Lakini vijana walipelekwa kambi za mbali pia, kama Ruvu, Mafinga, Makutupora na Oljoro. Kofia kukutwa Ifakara si ushahidi kwamba mwenyewe alikuwa Chita.

Njia nyingine zilizoileta bondeni

Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ilipita hapa na kuleta mafundi wengi kutoka China. Kofia laini yenye maandishi ya Kichina ndani yaweza kuwa ya enzi hizo, wala haina uhusiano na chuo.

Ifakara pia imepokea wamisionari, madaktari na watafiti kutoka Uswisi kwa miongo mingi. Huko, baadhi ya vyama vya wanafunzi huvaa kofia za rangi zenye ukingo mfupi mbele na utepe wa rangi za chama. Ukiitazama haraka utadhani ni ya jeshi.

Halafu kuna mitumba, iliyoongezeka biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980. Marekani ina vyuo vikuu vyenye vikosi vya wanafunzi wanaovaa sare, kwa mfano Texas A&M na Norwich, na kofia zao zaweza kuingia kwenye marobota kama nguo nyingine.

Anza kukagua ndani

• Geuza ukanda wa ndani unaogusa paji la uso. Tafuta lebo, mhuri, jina au namba iliyoandikwa kwa wino. Usiifue kabla ya kukagua, wino utapotea.
• Ukiona herufi DSA zikifuatiwa na namba kama 100-67, hiyo ni zabuni ya jeshi la Marekani, na 67 ni mwaka wa fedha 1967. Mwaka 1977 DSA ilibadilishwa kuwa DLA.
• Soma beji. Jina la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki linaonyesha miaka ya 1963 hadi 1970. Maneno "Hekima ni Uhuru" ni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichojitegemea Julai 1970. Jina la Sokoine haliwezi kutangulia mwaka 1984, chuo hicho kilipoanzishwa.
• Angalia matundu na nyuzi zinazoizunguka beji. Beji hubandikwa baadaye, kwa hiyo beji ya chuo kwenye kofia ya jeshi haitoshi kuwa ushahidi.
• Kama mwenyewe yu hai, muulize: "Mzee, ulikuwa operesheni gani?" Kila kundi la JKT hupewa jina la operesheni, na aliyepitia huko ni nadra kulisahau. Cheti chake cha JKT kitathibitisha mwaka na kambi.

Kuhusu kuivaa

Sheria za Tanzania zinakataza raia kuvaa sare za majeshi, pamoja na mavazi yanayofanana nazo. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi, JWTZ, lilitoa siku saba kwa wenye mavazi hayo kuyasalimisha kwenye kambi za jeshi, vituo vya polisi au ofisi za serikali za mitaa. Kofia ikiwa na alama ya JKT au JWTZ, usiivae wala usiiuze. Uliza kwenye ofisi hizo. Ikiwa ni ya chuo cha nje lakini inafanana na ya jeshi, uliza vilevile kabla ya kutoka nayo barabarani.

Kabla hujaipeleka, ipige picha ndani na nje, na uandike majibu ya mzee pamoja na tarehe. Kofia ikiondoka, maelezo yake yatabaki na familia.