Uanagenzi wa useremala nchini Tanzania

Uanagenzi wa useremala ni njia ya kujifunza kutengeneza samani, yaani vitanda, meza, viti, makabati na vyombo vingine vya mbao, kwa kufanya kazi chini ya fundi mzoefu katika karakana yake. Anayejifunza huitwa mwanagenzi, ingawa mitaani huitwa zaidi "kijana wa fundi". Njia hii ni ya zamani kuliko vyuo vya ufundi, na hadi leo karakana nyingi za samani, kama zile za Keko katika wilaya ya Temeke, Dar es Salaam, huendeshwa kwa mikono ya watu waliojifunza hivyo.

Hatua za kujifunza

Mwanagenzi haanzi na msumeno. Kwanza hufagia maranda, hubeba mbao na kupiga msasa. Kazi ya msasa huonekana ya kitoto, lakini ndiyo inayomfundisha kutambua mwelekeo wa nyuzi za mbao: akisugua kukata nyuzi, mikwaruzo hujitokeza mara vanishi inapopakwa. Baadaye hupewa randa, na hujifunza kunoa ubao wake wa chuma kabla ya kuutumia. Kisha hufuata kupima na kuchora mistari kwa kutumia guniya. Vipimo vya karakana huchanganya mifumo miwili: kitanda huagizwa kwa futi (4 kwa 6, 5 kwa 6), lakini michoro ya vyuoni huwa ya milimita.

Kiungo kinachotenganisha fundi na msaidizi ni kile cha ulimi na tundu. Ncha ya mbao moja huchongwa kuwa ulimi, na mbao ya pili huchimbwa tundu kwa patasi. Kwa kawaida ulimi huchukua theluthi moja ya unene. Kwenye mbao ya sentimita 3, ulimi huwa wa sentimita 1. Ukilegea, gundi peke yake haitaushika kwa muda mrefu. Ukibana kupita kiasi, hupasua mbao unapogongwa. Mwanagenzi huharibu vipande vingi kabla mkono haujazoea, na hapo ndipo uvumilivu wa fundi hupimwa, kwa kuwa mbao ni ghali.

Kiti cha kulia chakula ni mtihani mgumu kuliko kabati kubwa. Miguu yake ya nyuma hulala kidogo, hivyo pembe nyingi si mraba, na uzito wote wa mtu huegemea viungo vichache. Sofa huficha makosa chini ya sponji na kitambaa, kiti hakifichi.

Kuijua mbao

Mbao mbichi hupungua upana inapokauka, na kiungo kilichobana leo hulegea baada ya miezi. Mbao ya samani za ndani inatakiwa iwe na unyevu wa karibu asilimia 12. Ubao wa unene wa milimita 25 unaokaushwa kwa hewa tu unaweza kuhitaji hadi mwaka mzima, muda ambao karakana ndogo hazina. Mwanagenzi hujifunza kukadiria kwa uzito na kwa mlio wa ubao unapogongwa. Mninga hupendwa kwa sababu mbao yake haipindi sana baada ya kukauka. Mvule na mkongo ni imara pia, na msaji hutumika sana. Vumbi la mvule huwasha ngozi na kusumbua pumzi. Vumbi la mbao kwa jumla limo katika orodha ya kimataifa ya visababishi vya saratani, hasa ya pua, lakini barakoa bado ni nadra katika karakana.

Makubaliano

Mara nyingi mzazi au ndugu humleta kijana, na mapatano hufanywa kwa mdomo. Wengine hulipa ada ya kujifunza. Wengine hufanya kazi bila mshahara, wakipewa pesa ya chakula. Udhaifu wa mapatano haya ni kwamba hayasemi mafunzo yataisha lini. Kijana anayepiga msasa vizuri ana faida kwa fundi, na anaweza kuachwa hapo kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hairuhusu kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Ina pia vifungu kuhusu watoto wanaojifunza ufundi katika sekta isiyo rasmi: fundi anawajibika kuwafundisha kwa kadiri ya ujuzi wake na kuwaweka mahali pa kazi palipo salama. Karakana zilizo uani hazifikiwi kwa urahisi na wakaguzi.

Vyeti

Aliyemaliza kwa fundi hutoka na ujuzi bila karatasi, na zabuni ya madawati ya shule au ajira ya kiwandani humpita. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, hufundisha useremala katika vyuo vyake, kikiwemo cha Chang'ombe, jirani na Keko. Zamani mafundi walipimwa kwa majaribio ya daraja la III, la II na la I, la I likiwa la juu. Baadaye zilianza tuzo za ngazi ya 1 hadi ya 3. Kwa waliojifunzia mitaani kuna urasimishaji wa ujuzi: fundi hupimwa kwa vitendo, hufundishwa yale aliyokosa, mara nyingi kusoma michoro, kukadiria gharama na usalama wa mashine, kisha hupewa cheti bila kuanza chuo upya.