FIFA Master

FIFA Master ni jina la kawaida la kozi ya kimataifa ya shahada ya uzamili inayounganisha masomo matatu: usimamizi wa michezo, sheria za michezo, na historia na utamaduni wa michezo. Kozi hiyo inaratibiwa na Kituo cha Kimataifa cha Taaluma za Michezo (kifupi: CIES) chenye makao yake mjini Neuchâtel, Uswisi. Ilianza mwaka 2000. Masomo huchukua chini ya mwaka mmoja na hufundishwa kwa Kiingereza katika nchi tatu: Uingereza, Italia na Uswisi.

Licha ya jina lake, kozi hii haihusu mpira wa miguu peke yake, wala haifundishi kucheza au ukocha. Inawaandaa watu wanaopenda michezo kufanya kazi za uongozi na utawala katika klabu, mashirikisho, kampuni za udhamini na kamati za maandalizi ya mashindano.

Chimbuko

CIES iliundwa mwaka 1995 kwa ushirikiano wa Shirikisho la Soka Duniani (FIFA), Chuo Kikuu cha Neuchâtel, na mji na jimbo la Neuchâtel. Mwaka huohuo, tarehe 15 Desemba, Mahakama ya Haki ya Ulaya ilitoa hukumu katika kesi ya Jean-Marc Bosman, mchezaji wa Ubelgiji aliyezuiwa kuhamia klabu ya Ufaransa ingawa mkataba wake ulikuwa umekwisha. Mahakama iliamua kwamba mchezaji raia wa Umoja wa Ulaya anaweza, mkataba ukimalizika, kuhamia klabu ya nchi nyingine ya Umoja huo bila ada ya uhamisho.

Hukumu hiyo ilionyesha jinsi michezo ilivyokuwa imebadilika. Klabu nyingi zilianza kama burudani ya wafanyakazi baada ya saa za kazi. Arsenal, kwa mfano, ilianzishwa mwaka 1886 na wafanyakazi wa kiwanda cha silaha huko Woolwich, London. Kufikia miaka ya 1990 klabu kubwa zilikuwa na mikataba ya televisheni, wadhamini, wanasheria na wawekezaji. Kupenda mchezo, au hata kuucheza vizuri sana, hakukutosha tena kumwezesha mtu kuziendesha.

Mpangilio wa masomo

Wanafunzi wote husoma pamoja na kuhama pamoja kutoka nchi moja hadi nyingine.

Sehemu ya kwanza hufanyika Leicester, Uingereza, katika Chuo Kikuu cha De Montfort. Huko husomwa historia ya michezo na nafasi yake katika jamii: namna michezo ya kisasa ilivyozaliwa, ilivyoenea duniani, na inavyohusiana na siasa, jinsia na utaifa.

Sehemu ya pili hufanyika Milano, Italia, katika shule ya biashara ya SDA Bocconi. Hapa wanafunzi hujifunza fedha, masoko, udhamini, haki za matangazo na uandaaji wa mashindano.

Sehemu ya tatu ni ya sheria na hufanyika katika Chuo Kikuu cha Neuchâtel. Mada zake ni pamoja na mikataba ya wachezaji, uhamisho, matumizi ya dawa zilizokatazwa na utatuzi wa migogoro. Uswisi ina nafasi ya pekee katika somo hili. Makao makuu ya FIFA yapo Zürich. Lausanne ni makao ya Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki tangu mwaka 1915 na ya Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, iliyoanzishwa mwaka 1984.

Katika kipindi cha masomo wanafunzi hufanya pia utafiti kwa vikundi na kuuwasilisha mwishoni.

Kujiunga

Kila mwaka huchaguliwa wanafunzi wapatao 30 kutoka mabara mbalimbali. Wapo waliokuwa wachezaji, lakini wapo pia wanasheria, wahasibu na waandishi wa habari ambao hawakuwahi kucheza zaidi ya kiwango cha mtaani au shuleni. Mwombaji anatakiwa kuwa na shahada ya kwanza na kumudu Kiingereza vizuri.

Masharti hayo yana uzito kwa wanamichezo. Mchezaji aliyeacha shule mapema ili acheze soka hawezi kuingia moja kwa moja katika masomo ya ngazi hii pindi anapostaafu, hata kama jina lake ni kubwa. Kizuizi kingine ni gharama: pamoja na ada, mwanafunzi hulipia maisha katika miji mitatu ya Ulaya na hufuata taratibu za viza. Ufadhili hupatikana kwa wachache tu.

Wahitimu

Honey Thaljieh, mzaliwa wa Bethlehemu, alikuwa mmoja wa waanzilishi wa timu ya taifa ya soka ya wanawake ya Palestina na nahodha wake wa kwanza. Alisoma usimamizi wa biashara katika Chuo Kikuu cha Bethlehemu kabla ya kwenda kusoma FIFA Master, na baadaye aliajiriwa na FIFA katika kazi za mawasiliano.

Park Ji-sung wa Korea Kusini, aliyechezea Manchester United kuanzia 2005 hadi 2012, alistaafu soka mwaka 2014. Mwaka 2016 alianza kozi hii akiwa mwanafunzi kama wengine. Baadaye alishika nafasi ya ushauri na uongozi katika klabu ya Jeonbuk Hyundai Motors nchini kwake.

Mafunzo barani Afrika

CIES ina pia mtandao wa vyuo vikuu vinavyotoa mafunzo mafupi zaidi ya usimamizi wa michezo. Barani Afrika, vyuo vilivyoshiriki katika mtandao huo ni pamoja na Chuo Kikuu cha Cheikh Anta Diop cha Dakar, Senegal. Chuo Kikuu cha Kairo, Misri. Na Chuo Kikuu cha Nelson Mandela, Afrika Kusini. Mafunzo hayo humwezesha mtu kusoma bila kwenda Ulaya, na mara nyingi bila kuacha kazi yake.