Chimbuko la Rili ya Bibi McLeod wa Raasay

Katika uchunguzi wa muziki wa mapokeo, ni rahisi kuichukua tarehe ya chapa ya kwanza kuwa ndiyo tarehe ya kuzaliwa kwa wimbo. Rili ya Uskoti iitwayo “Mrs McLeod of Raasay”, ipigwayo kwa fidla, yaonyesha jinsi dhana hiyo inavyopotosha.

Rili ni ngoma ya kasi ambayo wachezaji wake hupishana na kuzungukana. Neno lenyewe ni la kale: kijitabu cha mwaka 1591, kilichosimulia kesi za uchawi za North Berwick, kinaitaja. Fidla ya umbo la leo ilienea Uskoti baadaye, na katika karne ya 18 ikawa chombo kikuu cha ngoma, kwa makabaila na kwa wakulima vilevile.

Mpiga fidla mashuhuri wa enzi hiyo alikuwa Niel Gow (1727–1807) wa Perthshire, aliyefadhiliwa na ukoo wa Atholl. Mwanawe Nathaniel alikuwa mwanamuziki na mchapishaji mjini Edinburgh. Rili hiyo ilitokea katika mkusanyo wa tano wa akina Gow, mwaka 1809. Kichwa chake chaeleza mambo matatu: jina la bibi mmoja, asili ya wimbo katika kisiwa cha Skye, na kwamba uliletwa na Bwana McLeod. Mtunzi hatajwi. Kuupa wimbo jina la bibi wa ukoo mkubwa ilikuwa desturi ya kuwaheshimu wafadhili. Haikumaanisha kwamba yeye ndiye aliyeutunga. Akina Gow, kwa upande wao, waliupokea na kuuchapa tu.

Raasay ni kisiwa kidogo kando ya Skye. Wenyeji wa visiwa hivyo walisema Kigaeli, na muziki wao ulirithishwa kwa sikio. Kwa njia hiyohiyo wimbo ulisafiri: Ireland waitwa “Miss McLeod’s Reel”, na Marekani ukapata majina kama “Hop High Ladies” na “Uncle Joe”. Majina yalibadilika, lahani ikabaki kutambulikana.

Basi karatasi imehifadhi jina la mheshimiwa, la mletaji na la mchapishaji. La mpigaji wa kwanza halimo. Mwanahistoria ausomapo mwaka 1809 hana budi kukumbuka kwamba unathibitisha jambo moja tu: wakati huo wimbo ulikuwa umekwisha kuwapo.