Faili Moja, Kompyuta Kumi na Moja

Nilipanda basi la Masasi nikiwa na daftari la utafiti na flashi mbili. Daftari lilikuwa la shahada yangu ya uzamili katika historia: nafuatilia jinsi vijiji vya ujamaa vilivyoundwa Newala miaka ya 1970. Flashi zilikuwa kwa ajili ya rafiki yangu, mwalimu wa sekondari moja ya hapo, aliyeniomba nimsaidie kufufua chumba cha kompyuta. Nilidhani ni shughuli mbili kwa nauli moja.

Kompyuta zilikuwa kumi na moja, zote za msaada, kila moja na ukoo wake. Mwalimu aliyezitunza awali alihamishwa, akaondoka na kila alichokijua: nywila, dawa ya printa, sababu ya kompyuta ya dirishani kuzimika saa saba mchana. Hakuwa amenyima mtu. Hakukuwa na mahali pa kuandika tu.

Tatizo hili si la Masasi peke yake. Mwaka 1993, Mark Burgess, mtafiti wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Oslo, alichoka kutunza kompyuta za idara yake moja moja, hasa kwa kuwa hazikuwa za aina moja. Akaunda programu ya CFEngine: unaandika mara moja hali unayotaka kompyuta ziwe nayo, zenyewe zinajirekebisha ziifikie. Miaka kumi baadaye, Eelco Dolstra wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, alianzisha Nix, akaitetea katika tasnifu yake ya uzamivu ya 2006. Humo ndimo ulimotoka NixOS, mfumo endeshi unaoeleza kompyuta nzima kwa maandishi: programu zipi, watumiaji wepi, lugha gani. Maandishi hayo hugawanywa vipande vinavyoitwa moduli. Kipande cha pamoja hutumiwa na kompyuta zote. Kila kompyuta hubaki na kipande chake, cha diski yake na skrini yake.

Huo ndio tuliouchagua. Kompyuta yenye nguvu ilipakua programu mara moja kwa bando la simu, ikazigawia nyingine kwa waya.

Kosa nililifanya mimi. Kwa haraka niliandika kila kitu katika kipande cha pamoja, hata mipangilio ya skrini ya ile kompyuta bora. Nikaamuru, zikajijenga, nikaziwasha upya. Nane zilikubali. Tatu zikatoa skrini nyeusi, na wanafunzi waliokuja kutazama wakacheka kwa adabu. Bahati nzuri NixOS haifuti ya jana. Kompyuta inapowaka hutoa orodha ya hali zake zilizopita. Unachagua iliyokuwa inafanya kazi, unaendelea. Dakika tano, tatu zote zilikuwa zimerudi.

Kesho yake nilipanda Newala. Ukitoka Masasi unaiacha milima yake ya mawe, barabara inapanda hadi juu ya uwanda wa Makonde. Juu kule ardhi ni ya kichanga, mvua inazama, na kwa vizazi vingi wanawake walishuka kwenye miteremko kufuata maji. Atakayepanga kijiji huko lazima kwanza aulize maji yako wapi.

Nilikwenda kumhoji bibi mmoja aliyehamishwa akiwa msichana. Nilimwamkia, akaitikia, akanipa kigoda. Nikauliza nyumba zilipangwaje. "Kwa mstari, mjukuu wangu," akasema. "Zilipendeza. Shule tuliipata, sikatai. Lakini mikorosho ya baba ilibaki kulekule. Kwenda na kurudi, jua limezama. Mwaka wa kwanza tulipalilia. Wa pili kidogo. Wa tatu pori likaichukua."

Nikamuuliza kwa nini hawakurudi. Alinitazama kama mtoto. "Turudi wapi? Nyumba ilishabomolewa."

Nilikuwa nimeyasoma hayo kwa tarakimu. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho, nyingi zikitoka kusini. Msimu wa 1986/87 zilikuwa chini ya 20,000. Sababu ni nyingi: bei duni kwa mkulima, ugonjwa wa ubwiriunga, na watu kutengwa na miti yao. Hiyo ya tatu ndiyo bibi aliyokuwa akinieleza.

Tena, kwenye karatasi mpango haukuwa hivyo. Andiko la Mwalimu Nyerere la Septemba 1967, Ujamaa Vijijini, lilisema watu waingie kwa hiari, na kila mahali pafuate mazingira yake. Kulikuwa na kipande cha pamoja na nafasi ya vipande vya kila kijiji. Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi vijijini ni lazima, na kazi iishe kabla ya mwisho wa 1976. Kwa haraka hiyo kikabaki kipande cha pamoja peke yake, na njia ya kurudi haikuwekwa.

Najua mtu si kompyuta. Ila niliporudi Masasi niliiona haraka yangu mwenyewe kwa jicho jingine. Mimi nilikuwa na orodha ya kurudia jana. Aliyepanga nyumba za kina bibi hakuwaachia.

Tulianza upya. Kipande cha pamoja kikawa kifupi: Kiswahili na Kiingereza, programu za masomo, akaunti za wanafunzi. Kisha mafaili kumi na moja, kila moja na jina la kompyuta yake. Nikawaomba wanafunzi wa kidato cha tatu waketi, kila mmoja mbele ya mashine aliyoizoea, waandike wanachokijua kuihusu. Katika NixOS mstari unaoanza na alama ya reli kompyuta huuruka. Ni wa kusomwa na watu.

Msichana mmoja aliketi dirishani. Ameitumia mwaka mzima, na hakuna mtu mzima aliyewahi kumuuliza. Aliandika: "# hii inapigwa na jua kuanzia saa sita, ifunikwe au ihamishwe ukutani."

Tukaihamisha ukutani siku hiyohiyo.