Mwenye gazeti ni nani? Namna umiliki unagusa habari za uchaguzi

Hapa Goma watu wengi hawanunui gazeti. Magazeti makubwa ya nchi yanachapwa Kinshasa, zaidi ya kilomita 1.500 kutoka kwetu. Tunayajua zaidi kupitia redio, asubuhi, mtangazaji akisoma vichwa vya habari: gazeti hili limesema hivi, lile limesema vile. Mara chache tunaambiwa gazeti ni la nani. Wakati wa uchaguzi, hilo njo swali la kwanza.

Gazeti linaishi na nini?

Nakala zinazouzwa ni chache, na matangazo ya kampuni za simu na za bia hayatoshi kwa wote. Basi gazeti linategemea mfuko wa mwenyewe, ao makuta ya wanasiasa. Kuna pia «coupage»: mwandishi anapewa pesa na yule aliyemwita kwenye mkutano. Mugombea asiye na kitu anaweza kuzunguka mitaa yote bila kuandikwa hata mstari mmoja.

Mifano inayojulikana

Gazeti L'Avenir ni la Pius Muabilu, aliyekuwa mbunge wa PPRD, chama cha Joseph Kabila. Le Potentiel lilianzishwa na Modeste Mutinga. Yeye aliongoza Haute Autorité des Médias, mamlaka iliyosimamia vyombo vya habari katika uchaguzi wa 2006, kisha akawa seneta.

Kwa upande wa televisheni mambo yalionekana wazi zaidi. Mwaka 2006 Jean-Pierre Bemba, mugombea uraisi, alikuwa na CCTV yake. Kabila alikuwa madarakani, na RTNC ni ya serikali. Mwezi wa Agosti, kati ya duru mbili za uchaguzi, mamlaka ilizifunga zote mbili kwa saa 24.

Sheria inasema nini?

Katiba, kifungu cha 212, inaipa CSAC kazi ya kuangalia vyama vyote vipate nafasi ya haki kwenye vyombo rasmi vya habari. Angalia neno «rasmi»: ni vyombo vya serikali. Gazeti la mutu binafsi linaweza kuwa na upande wake, na hiyo si kosa. Ubaya ni kuficha upande huo.

Kwa nini inatugusa sisi?

Umiliki hauonekani tu katika uongo. Unaonekana zaidi katika kile kisichoandikwa. Tarehe 20 Desemba 2023, wakaaji wa Masisi na Rutshuru hawakuweza kupiga kura ju ya vita. Kwa familia zilizokimbilia kambi za pembeni ya Goma, hiyo ilikuwa habari kubwa kuliko mikutano yote ya wagombea. Lakini hakuna mugombea anayelipa ili iandikwe.

Maswali ya kujiuliza

Ukisikia habari ya gazeti kwenye redio, jiulize:

- Gazeti hili ni la nani, naye yuko chama gani?
- Wapinzani wake wamepewa nafasi ya kujibu?
- Mwandishi alifika mahali, ao anaandika tu maneno ya mugombea?
- Ni nani ambaye hakutajwa kabisa?

Kisha sikiliza gazeti la pili, la mwenye mwingine. Pale yanapopishana, njo pa kuanza kutafuta ukweli.